Ndama wa Kunakiliwa ni wa Nani?

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Nimeshika kalamu ili nichangie mada iliyotushinda kumaliza katika mjadala wa Chama cha Kiswahili, yaani mada ya kumnakili mnyama ili apatikane mwingine kama yeye, jambo ambalo wanasayansi huliita kloni. Waliounga mkono walisema hayo ni maendeleo na atakayebaki nyuma shauri yake. Waliopinga walisema huko ni kujifanya Mungu. Kengele ikalia, kila mtu akaenda kwao na msimamo wake ule ule aliokuja nao.

Mimi sikupata nafasi ya kusema siku ile. Lakini nilisikia kosa moja kwa pande zote mbili. Wote waliongea kana kwamba kloni ni mambo ya Ulaya na Marekani, mambo ya wazungu wenye maabara na pesa za kuchezea. La hasha! Ukipanda matatu hadi Kawangware, ukateremka 46, kisha ukafuata Barabara ya Naivasha hadi Uthiru, utakuwa karibu kabisa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ambayo wengi wanaijua kama ILRI. Hapo, umbali ambao mwanafunzi wa shule ya mchana anaweza kuutembea kwa miguu akikosa nauli, ndipo lilipolelewa fahali aina ya Boran aliyepatikana kwa njia ya kloni. Jina lake aliitwa Tumaini. Habari zake zilichapishwa kisayansi mwaka 2016. Kwa hivyo, ndugu msomaji, tusidanganyane kuwa hili si letu. Jirani yako akijenga, kokoto huangukia uani kwako.

Kabla sijatoa maoni yangu, hebu kwanza tuelewane kloni ni nini, maana katika mjadala ule kuna aliyesema ati ni kuchukua nyama ya ng'ombe na kuipanda kwenye chupa mpaka imee miguu.

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna jeni, ambazo ni maagizo yote ya kumjenga mnyama huyo: pembe, rangi, nundu na kadhalika. Kwa kawaida ndama hupata nusu ya maagizo kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ndiyo maana hafanani kabisa na yeyote kati yao. Katika kloni mambo hugeuzwa. Wanasayansi huchukua yai la ng'ombe jike, wakaliondoa kiini chake. Kisha huchukua seli ya mnyama wanayetaka kumnakili, wakaiunganisha na lile yai tupu na kuliamsha kwa umeme kidogo. Yai likidanganyika kwamba limerutubishwa, huanza kugawanyika na kuwa kiinitete. Kiinitete hicho hutiwa katika tumbo la ng'ombe mwingine ambaye kazi yake ni kubeba mimba tu. Atakayezaliwa huwa ni kama pacha wa yule aliyetoa seli, ila ni pacha aliyechelewa kuzaliwa.

Na jambo lenyewe si geni kama tunavyofikiri. Mama zetu wanaokata kipande cha mhogo au shina la kiazi kitamu na kulichomeka ardhini wanafanya kloni. Mgomba tunaoupanda kwa chipukizi ni kloni. Sayansi ilichohangaika nacho miaka mingi ni kufanya hivyo kwa mnyama mwenye damu moto. Mwanasayansi wa Uingereza, John Gurdon, alikuwa ameshafanikiwa kwa vyura kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini ilichukua mpaka tarehe 5 Julai 1996 ndipo kondoo Dolly akazaliwa katika Taasisi ya Roslin huko Uskoti, kutokana na seli ya titi la kondoo mzima. Dunia ilipotangaziwa habari hiyo Februari 1997, kelele zilikuwa zile zile za mjadala wetu: maendeleo, dhambi, maendeleo, dhambi.

Sasa tumrudie Tumaini wetu. Kwa nini watu wahangaike kunakili fahali wa Boran hapa Nairobi wakati Waborana na wafugaji wengine wanao na wanazaana wenyewe bila kuombwa? Jibu ni mdudu. Mdudu huyo ni mbung'o.

Mbung'o hupatikana katika nchi zaidi ya 30 za Afrika. Akimuuma ng'ombe humtia vimelea katika damu, navyo huleta ugonjwa wa nagana. Ng'ombe mwenye nagana hukonda huku anakula. Manyoya husimama, damu hupungua, mimba huharibika, maziwa hukauka, na mwisho huanguka. Vimelea wa jamaa hiyo hiyo ndio huwaletea binadamu malale. Kuna dawa, lakini vimelea wamezizoea baadhi yake, na mfugaji maskini hawezi kununua sindano kila mara.

Mimi nagana siijui kwa kusoma tu. Nyumbani kwa babu ni upande wa Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, karibu na Mbuga ya Ruma. Babu alikuwa na maksai wanne wa plau. Kwa maksai hao alilima shamba lake, na wa majirani akawalimia kwa malipo. Nagana iliwamaliza wote wanne katika msimu mmoja. Mtu asiye na maksai hulima kwa jembe, na anayelima kwa jembe hulima kipande. Kipande hakilishi watoto saba. Ndipo baba, ambaye alikuwa kijana wa umri kama wangu, alipokuja Nairobi kutafuta vibarua Industrial Area, na ndipo mimi nilipozaliwa Silanga, nyumba ya mabati karibu na Bwawa la Nairobi, wala sikuzaliwa katika boma la babu. Wako wengi Kibera ambao ukiwauliza vizuri kilichowaleta mjini, utapata ni mvua iliyokosa, shamba lililogawanywa, au ng'ombe waliokufa. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba kloni ni mchezo wa wanasayansi wasio na kazi, mimi siwezi kucheka naye.

Sasa sikilizeni maajabu. Nyani haugui nagana. Katika damu yake mna protini ambayo huwatoboa vimelea hao wakafa. Hata binadamu tunayo protini ya aina hiyo, na ndiyo sababu vimelea wengi wa ng'ombe hawatuwezi. Lakini aina moja ya vimelea wa malale huku kwetu Afrika Mashariki imepata ujanja wa kuikwepa ya kwetu. Ya nyani haijaikwepa. Profesa Jayne Raper wa Chuo cha Hunter, New York, pamoja na wenzake walitoa jeni ya nyani wakaijaribu kwa panya wa maabara, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba panya hao walishinda vimelea wa ng'ombe na wa malale pia. Wazo likawa: je, tukiitia jeni hii katika ng'ombe wa Boran?

Hapo ndipo kloni inapoingia. Ni vigumu kumtia ng'ombe mzima jeni mpya katika kila seli yake. Ni rahisi zaidi kuitia katika seli moja maabarani, kuhakikisha imekaa sawasawa, kisha kuifanya seli hiyo kuwa ndama kwa njia ya kloni. Watafiti wa ILRI, wakishirikiana na Profesa Raper na Bill Ritchie, mmoja wa wale waliokuwa Roslin wakati wa Dolly, kwanza walitaka kujua kama Boran ananakilika. Tumaini alikuwa ndiyo jibu. Yeye mwenyewe hakutiwa jeni ya nyani. Alikuwa ni hatua ya kwanza, kama mtu anayejaribu daraja kabla ya kuvusha mzigo.

Na lengo si kutengeneza kundi zima la kloni. Hili walio wengi hawalijui. Anatakiwa fahali mmoja au wachache wenye kinga, kisha wapande majike kama kawaida. Fahali mwenye nakala mbili za jeni hiyo ataipitisha kwa ndama wake wote. Mwenye nakala moja ataipitisha kwa karibu nusu yao. Baada ya hapo kazi ni ya ng'ombe wenyewe.

Baada ya kueleza hayo, nitasema msimamo wangu waziwazi. Mimi siungi mkono kloni ipigwe marufuku nchini Kenya. Wala siungi mkono iachwe ikimbie kama matatu isiyo na breki. Swali lililotupita katika mjadala ule si kama inawezekana, kwani imeshawezekana. Swali ni: ndama huyo akizaliwa, atakuwa wa nani, na ni nani atakayebeba uchungu wake?

Nianze na hoja ya dini, maana ndiyo iliyopigiwa makofi mengi. Ninaiheshimu. Lakini mwenzangu aliyesema kuwa kumchagulia ng'ombe uzazi ni kuingilia kazi ya Mungu, amesahau kwamba hapo Kabete tangu mwaka 1946 kuna kituo cha mbegu za mafahali, na wakulima wa Kiambu, Nyeri na Uasin Gishu wamepandishiwa ng'ombe wao kwa mrija bila fahali kufika bomani. Ng'ombe wa gredi tunaokunywa maziwa yao ni matunda ya mpango huo. Hatukusikia yeyote akisusia chai. Kama kumchagulia ng'ombe mume si dhambi, basi waliopinga wana kazi ya kutuonyesha ni wapi hasa dhambi inapoanzia. Mimi nafikiri dhambi huanzia pale tunapomtesa kiumbe bila sababu ya kutosha, na pale tunapomnyang'anya maskini kilicho chake. Basi tuyapime hayo mawili.

Kwanza, mateso. Hapa waliounga mkono walinyamaza kimya, na walinyamaza kwa kujua. Ili Dolly apatikane, mayai 277 yaliunganishwa na seli. Ni viinitete 29 tu vilivyofaa kutiwa matumboni, wakagawiwa kondoo 13, na akazaliwa mwana-kondoo mmoja. Mmoja! Kwa ng'ombe, mimba nyingi za kloni huharibika, na ndama wengine huwa wakubwa kupita kiasi tumboni, hata mama akashindwa kuzaa salama. Huko Hispania mwaka 2003 wanasayansi walijaribu kumrudisha mbuzi wa mlimani ambaye aina yake ilikuwa imekwisha duniani. Akazaliwa, na baada ya dakika chache akafa kwa ubovu wa mapafu. Mambo hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye magazeti.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Wako wanaodai kwamba kila kloni huzeeka upesi kwa kuwa Dolly alikufa Februari 2003 akiwa na miaka sita. Dolly alikuwa na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi, ambao kondoo wa kawaida pia huugua. Kondoo wengine wanne walionakiliwa kutokana na seli za lile titi lile lile walichunguzwa na Chuo Kikuu cha Nottingham, na mwaka 2016 ikaelezwa kuwa walifika uzee wa kondoo wakiwa na afya njema. Kwa hiyo tatizo kubwa si kloni aliyekwisha kuzaliwa akasimama. Tatizo ni wale wasiozaliwa, na mama zao waliowabeba.

Ndiyo maana nasema sababu ni lazima iwe nzito. Tajiri wa ng'ambo anayelipa fedha nyingi ili anakiliwe paka wake aliyekufa, huyo sababu yake ni nyepesi, tena anajidanganya. Paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Marekani Desemba 2001, hakufanana hata kwa rangi na paka aliyetoa seli! Manyoya yake yalikuja na mabaka tofauti, kwa sababu mambo mengine huamuliwa tumboni, si kwa jeni pekee. Ukimnakili mnyama unapata mwili unaofanana, hupati yule uliyempenda. Lakini mzee wa Lambwe ambaye watoto wake wanalala njaa kwa sababu ya mbung'o, sababu yake naiona nzito. Mateso ya ng'ombe wachache maabarani yakipunguza mateso ya ng'ombe maelfu wanaokonda hadi kufa malishoni, mizani inaweza kusawazika. Nimesema inaweza, sikusema imeshasawazika.

Pili, tuulize kama hakuna njia nyingine isiyo na gharama hiyo. Zipo, na si za kubuni. Katika kisiwa cha Unguja, kuanzia mwaka 1994, waliachiliwa mbung'o dume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliokuwa wakifugwa Tanga. Majike wakapandwa bila kuzaa, na kufikia mwaka 1997 mbung'o wakawa wametoweka Unguja nzima. Hapa kwetu Nairobi, kituo cha ICIPE kule Kasarani kimetengeneza mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inayowanasa mbung'o. Watafiti wake pia waligundua kwamba mbung'o hawapendi harufu ya kuro, yule mnyama wa porini, wakaiga harufu hiyo na kuitia katika kola anayovishwa ng'ombe shingoni. Imejaribiwa na wafugaji wa Kwale. Na kuna ng'ombe wenye ustahimilivu wao wa asili. Huko Afrika Magharibi wako N'Dama, na hapa Kenya wako Boran wa Waorma wa Tana River, ambao wameishi na mbung'o kwa vizazi vingi. Waorma hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na subira, wakafuga waliosalimika.

Je, hiyo si hoja ya kuitupa kloni? Mimi naona sivyo. Unguja ni kisiwa, mbung'o wakimalizwa hawavuki bahari kirahisi. Lambwe si kisiwa. Mtego wa kitambaa huibiwa, huraruka, na lazima mtu autunze. N'Dama ni mdogo wa umbo na maziwa yake si mengi. Kila njia ina kilema chake. Lakini ni hoja ya kutoziacha njia hizo kwa kuwa tumesikia jambo jipya. Kumbukeni nimesema vimelea wa malale wameshajifunza kuikwepa damu ya binadamu. Nani atatuhakikishia hawatajifunza kuikwepa na ya nyani? Mdudu naye yuko shuleni, na hafungi shule. Tukitupa mitego leo kwa kumtegemea ng'ombe mwenye jeni, siku vimelea watakapojifunza tutakuwa hatuna mtego wala ng'ombe.

Tena kuna hatari ya kufanana. Mhogo, kama nilivyosema, hupandwa kwa kukata shina, kwa hivyo shamba zima laweza kuwa mmea mmoja ulionakiliwa. Miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato uliteketeza mihogo ya Uganda na kuvuka hadi magharibi mwa Kenya. Mhogo mmoja ukishindwa, wote wameshindwa, maana ni ndugu wa damu moja. Tukiwa na tamaa ya kumnakili fahali mmoja bora mara elfu na kumsambaza kila boma, tutakuwa tunapanda mihogo yenye pembe. Nguvu ya Boran ni kwamba hawafanani. Mmoja hustahimili kiu, mwingine kupe, mwingine hutembea mbali. Fahali wa maabara na awe mgeni katika kundi, asiwe ndiye kundi.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu: umiliki. Leo mfugaji akiwa na jike zuri, ndama ni wake. Atamwuza, atamlipia mahari, atampa jirani amfugie. Hana karatasi ya kutia sahihi. Lakini kiumbe kikitoka maabarani huja na wenyewe. Tumeona kwa mahindi ya haibridi: mkulima hurudi dukani kila msimu kununua mbegu, maana akipanda punje za shamba lake mavuno hushuka. Kwa ng'ombe mwenye jeni hali ni tofauti, kwa kuwa jeni itaendelea kupita kwa watoto na wajukuu bila kununuliwa tena. Ni baraka kwa mfugaji. Lakini mwenye hataza naye ataiona baraka hiyo? Au siku moja atakuja mtu na kitabu bomani, amhesabie mzee ndama wake na kumdai malipo ya kila kichwa? Jeni imetoka kwa nyani, na nyani wako hapa Afrika. Boran ni kazi ya mikono ya Waborana tangu enzi. Mzigo wa ugonjwa tumeubeba sisi. Halafu ndama awe wa mtu mwingine? Hapo nakataa kabisa.

Kenya tunayo Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, na tunayo mamlaka ya kuisimamia. Vyakula vilivyobadilishwa jeni vilipigwa marufuku kuingizwa nchini Novemba 2012, marufuku ikaondolewa na baraza la mawaziri Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Katika vuta nikuvute hiyo yote watu walibishana kama chakula ni sumu au si sumu. Ni wachache walioulizia mbegu ni ya nani. Nisingependa kosa hilo lirudiwe kwa ng'ombe.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Mosi, kloni iruhusiwe kwa kazi ya kupambana na ugonjwa wa mifugo pekee, si kwa fahari, na kila maabara itangaze hadharani mimba ngapi ziliharibika na mama wangapi walikufa, si kutuonyesha picha ya ndama aliyesimama tu. Pili, fahali wa namna hiyo akifaulu, mbegu yake itolewe kupitia kituo cha umma kama kile cha Kabete, na iandikwe katika sheria kwamba ndama ni mali ya mwenye jike, yeye na vizazi vyake. Tatu, mitego, kola na uhifadhi wa ng'ombe wa asili kama wale wa Waorma viendelee kupewa fedha. Nne, kabla ng'ombe wasioogopa mbung'o hawajafika Lambwe, wananchi waketi na kupanga malisho. Mbung'o, kwa ubaya wake wote, ndiye askari aliyewazuia ng'ombe wasiingie Ruma, na Ruma ndiyo makao ya mwisho ya korongo hapa Kenya. Tusimponye ng'ombe kwa kummaliza korongo.

Najua kuna atakayesema: wewe kijana wa Silanga, usiye hata na kuku, mambo ya fahali yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu wengi wetu mtaani ni watoto wa waliopoteza mifugo. Yananihusu kwa sababu nyama ya kwenye bucha zetu na maziwa ya chai yetu vinatoka kwa wafugaji ambao hatuwaoni. Na yananihusu kwa sababu ng'ombe hawa wakiwa tayari kweli, sheria itakayowahusu itatungwa na kupigiwa kura na watu wa rika letu. Mwalimu wa Biolojia anatufundisha seli. Mwalimu wa Kiswahili anatufundisha kujieleza. Kazi ya kuunganisha hayo mawili tumeachiwa sisi.

Naomba basi Chama cha Kiswahili kiirudishe mada hii jukwaani mwaka ujao, lakini isiulize tena kama kloni ni nzuri au mbaya. Iulize: ndama ni wa nani? Mimi nitaketi upande wa mwenye jike, na yeyote anayetaka kunipinga aanze kujiandaa sasa. Kalamu naiweka chini.